Komisioneri Aliyechagua Upande

Ukimwona anatoka nyumbani mvua inaanza kunyesha, suruali kaikunja mpaka magotini na viatu vyake vizuri kavitia kwenye mfuko wa plastiki kwapani, ulijua leo yuko upande wa mnunuzi. Alikuwa anakwenda kuangalia maji yanaingilia wapi. Na ukimwona anapita asubuhi jua linawaka, shati limepigwa pasi, anamhimiza mwenye nyumba afagie ua na kuupaka ukuta udongo mpya, ulijua leo ni mtu wa muuzaji. Sisi majirani tulimsoma hivyo kwa miaka mingi, wala yeye hakujificha.

Tulimwita Komisioneri. Kwetu Uvira, Kongo, ndilo jina la mtu anayekutafutia nyumba, au anayekutafutia wa kuinunua nyumba yako. Waliopitia Tanzania walisema dalali. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kazi hiyo ina ugumu wake, maana ardhi si yetu, ni ya serikali. Kinachouzwa ni kuta za matofali mabichi, mabati kama yapo, mlango, choo cha nyuma na njia ya kupitia. Mtu akipata safari ya ng'ambo anaviacha vyote hivyo, na mwingine anayelala kwa ndugu anavitamani. Kati ya hao wawili ndipo makomisioneri wanapopita, na wengi wao hula pande zote mbili: asubuhi kwa muuzaji, mchana kwa mnunuzi, kila mmoja akiambiwa, "Mi niko wako." Huyu wetu alikataa mtindo huo. Alichagua upande mmoja, akausema mbele ya wote, kisha akaupigania.

Mimi nilimjua kwanza akiwa upande wa pili.

Tulikuwa tunakaa kwa binamu ya mama, mimi, mama na cherehani yangu, katika chumba kimoja. Kijana wa nyumba ile alikuwa anakaribia kuoa na chumba kilitakiwa. Nikasikia kuna mume na mke wanaosafiri, nyumba yao iko karibu na soko, nikaenda. Komisioneri alinipokea mlangoni, na kabla sijaingia akasema:

"Mama wa kushona, sikia. Leo mi siko wako. Niko wa hawa benye kuuza. Kila kitu utaniambia, nitabaambia. Uliza unachotaka, nitakujibu bila uongo, lakini siri yako ubakie nayo."

Nilidhani ni maneno ya adabu tu. Nikamwona ana uso mwema, ni mtu wa kwetu, nikamwaga yote: kwamba mama ana kifua kibaya, kwamba harusi iko karibu, kwamba nimezunguka kambi nzima na sijapata nyingine. Aliinua kiganja kunizuia. Nikaendelea. Alipokwenda nyuma ya ua kuongea na wenye nyumba, nilimsikia kwa masikio yangu: "Huyu hana pa kwenda. Musipunguze." Na hawakupunguza.

Nilimchukia. Nilihamia nyumba ile nikiwa na kinyongo, kisha nikagundua kwamba ni jirani yangu, tunachota maji bomba moja. Sikumsalimia. Masika yalipofika, ukuta wa upande wa choo ukaanza kulainika chini, na mama akawa analala amekaa kwa sababu ya unyevu. Komisioneri akaja bila kuitwa. Alisimama kwenye mvua akiutazama ule ukuta kama mtu anayemtazama ng'ombe mgonjwa.

"Uliniuliza juu ya bati," akasema. "Ukuta hukuniuliza. Ungeuliza, ningekuambia."

"Na wewe ulinyamaza."

"Nilikuwa wao. Ile kazi ilishakwisha. Leo niko jirani."

Akachukua jembe langu akachimba mtaro kuanzia pembe ya nyumba mpaka njiani, akalala kifudifudi kando ya ule ukuta kuukagua, akarudi kesho yake na udongo uliochanganywa na majani makavu. Hakutaka chai. Hakuwa mtu wa kukaa anywe chai. Hata ukimpa kiti, alishika mgongo wa kile kiti akaongea akiwa amesimama, macho yakipima madirisha yako.

Sijawahi kuona mtu asiyetulia namna ile. Alijibu simu akitembea. Alisali akitembea; kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, na mchungaji akianza kurefusha, tulimwona nje akipiga hatua mbele ya vyoo, midomo inatikisika. Ukimwambia tukutane sokoni, alijibu, "Niko hapo sasa hivi," na kumbe yuko kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, upande mwingine kabisa wa kambi. Huo ndio uongo aliouruhusu, uongo wa yuko wapi. Juu ya nyumba hakudanganya. Juu ya mwili wake mwenyewe, alidanganya kutwa.

Na alihama. Nyumba aliyoingia leo akaitengeneza, akaipanua, akaiwekea mlango mzuri, mwaka haujaisha mtu anaipenda, anaiuza. Mara moja aliiuza mkewe akiwa anapika. Mnunuzi aliingia kukagua jikoni, akamkuta mama wa watu anasonga nsima, akamwuliza kwa heshima kama jiko linabaki au linaondoka. Mkewe akajibu kwamba yeye hajui, amwulize mwenye habari. Jioni ile nilimsaidia kubeba sufuria. Hakulia wala hakugomba. Alimwita tu mumewe, aliyekuwa anafunga kamba godoro, akamwambia mbele yangu:

"We uko mutu wa bantu bote. Benye kuuza uko wabo, benye kununua uko wabo. Mi, nani iko wangu?"

Aliendelea kufunga kamba.

Mjini Lilongwe alijulikana pia. Enzi zile watu wetu wengi walikuwa na maduka mjini, na Area 25 ilikuwa imejaa wapangaji kutoka kambini. Mama mmoja Mnyarwanda, mjane anayeuza mchele na mafuta, alimpa kazi ya kumtafutia nyumba yenye chumba cha mbele cha duka. Akaipata. Mwenye nayo alikuwa mfanyakazi wa serikali huko Capital Hill, bwana mpole, anavaa tai, ana dalali wake Mmalawi. Nyumba ilikuwa nzuri isipokuwa ufa mrefu nyuma ya kabati. Yule bwana akamvuta Komisioneri pembeni, akamwambia ufa ule ni wa rangi tu, akimwambia mjane hivyo naye atapata chake.

Mjane mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Anasema Komisioneri alimjibu kwa Kichewa, kwa adabu kabisa, akishukuru kwanza, "Zikomo, bwana," kisha akamwambia kwamba bwana ana mtu wake tayari, naye ni wa huyu mama. Kwa hiyo sasa hivi anakwenda kumwambia mama kwamba kuna ufa, na pia kwamba bwana amejaribu kuuficha. Akaenda akamwambia. Mjane alipata nyumba ile kwa kodi ndogo kuliko alivyotarajia, na ufa ukazibwa kabla hajaingia.

Haikupita muda yule bwana wa Capital Hill akamtafuta Komisioneri mwenyewe. Alikuwa na nyumba nyingine, mpangaji wake hataki kutoka wala kulipa, na mpangaji huyo alikuwa Mkongomani, kijana wa kanisa letu, mpiga gitaa. Komisioneri akakubali kazi. Akamfuata yule kijana kila asubuhi, akasimama getini kwake, akasema bila kupaza sauti kwamba yeye leo ni mtu wa mwenye nyumba na kwamba mwisho wa mwezi mlango utafungwa. Ukafungwa kweli. Kijana akarudi kambini na gitaa lake mgongoni.

Watu walikasirika. Walisema amewatetea Wamalawi dhidi ya ndugu zake. Mchungaji alimwita baada ya ibada, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nampima mchungaji joho jipya.

"Ndugu yangu, kweli unatoa mtoto wa kwetu nje?" mchungaji akamwuliza.

"Nilimwambia mapema nilikuwa wa nani," akajibu. "Mchungaji, siku we utakuwa na nyumba, utataka mtu wa namna gani? Yule anayegeuka akiona mtu wa kabila yake?"

"Lakini huruma?"

"Huruma iko. Nilimtafutia chumba kwa Mama Mnyarwanda, akakataa. Hiyo sikuifanya kwa kazi."

Nikaendelea kuchoma pini kwenye joho. Sikujua nimwunge mkono nani. Mpaka leo nikikutana na yule mpiga gitaa, naona haya kana kwamba ni mimi niliyesimama getini kwake.

Kisha mkewe akapata safari. Walikuwa wamefika Malawi kwa vipindi tofauti, yeye na binti wakitangulia, Komisioneri akifuata baadaye, na dosye zao, mafaili yao ya ukimbizi, zilibaki mbali mbali. Iliitwa ya mkewe. Wakaambiwa ya mume itafuata. Siku ya basi, Komisioneri alibeba mizigo yao yote mwenyewe, akaipanga, akaishusha, akaipanga tena, mpaka dereva akamwomba aache. Binti alikuwa amemaliza sekondari, mrefu kama baba yake. Alimkumbatia, baba alimpigapiga mgongoni huku shingo imegeuka, anatazama gurudumu la basi. Likaondoka. Sisi tulibaki tunapunga mikono. Yeye alishaondoka, anakwenda kuonyesha watu nyumba upande wa juu, na hiyo haikuwa siku ya mvua wala ya jua, kulikuwa na upepo tu na vumbi.

Dosye yake yeye haikufuata.

Ninachokikumbuka zaidi katika miaka hiyo ni habari ya mwalimu wa kwaya. Ilikuwa wakati ule agizo lilipotoka kwamba wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini. Magari yalikuja yamejaa makochi, friji, magunia na watoto. Watu waliokuwa na maduka Area 25 walilala kanisani, kwenye madarasa, chini ya maturubai. Nyumba ya udongo ambayo hakuna aliyeigusa ikagombaniwa. Makomisioneri wengine walikonda kwa kukimbia huku na huko. Huyu wetu alizidi wote.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mzee wa Fizi, amebaki peke yake na mjukuu wa kike. Jina lake la kwenda ng'ambo lilikuwa limetoka, wameshapimwa afya, wanangoja tarehe. Akamwita Komisioneri amwuzie nyumba. Wanunuzi walikuwa mume na mke waliorudishwa kutoka mjini, mke ana mimba kubwa, wamelala kwenye benchi za kanisa tangu wafike. Walikuwa tayari siku hiyo hiyo.

Komisioneri, ambaye angefaidika kwa kuuza, alimwambia mzee asiuze.

"Mwalimu, mi niko wako, kwa hiyo nakuambia kitu hautapenda. Tarehe hauna. Uza siku unapanda basi."

"Hawa hawatangoja," mzee akasema. "Nataka mjukuu asafiri na viatu."

"Basi tubapatie chumba cha mbele baingie leo. Ninyi mubakie nyuma. Siku ya basi, banalipa, munatoka. Nitaenda kubauliza."

Mzee hakutaka. Alikuwa amengoja miaka mingi mno, na mtu anayemwambia angoje tena alimwona kama mchawi. Akatafuta komisioneri mwingine, mmoja wa wale wa pande zote mbili, na nyumba ikauzwa kabla ya jua kuzama. Mzee akahamia kwa muda kwa mwanakwaya mmoja. Alimnunulia mjukuu viatu vyeusi na koti. Halafu habari zikaja kwamba safari zimesimamishwa, hakuna anayejua mpaka lini.

Yule mwanakwaya alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akasema chumba kinahitajika. Mzee alikuja kwangu na mjukuu amevaa lile koti, kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kuliweka. Nilimpigia simu Komisioneri. Alisema, "Niko hapo sasa hivi," na safari hii alifika kweli.

Tulikwenda wote kwenye ile nyumba. Yule mama alikuwa ameshajifungua, mtoto amelala kifuani, mumewe anatengeneza baiskeli uani. Nilingoja Komisioneri aseme yuko upande wa nani. Hakusema. Alisimama katikati ya ua, akamtazama mzee, akamtazama yule mtoto mchanga. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kuliko nilivyowahi kumsikia:

"Nyumba ni yenu. Mulinunua, hakuna mutu anakataa. Nimekuja kuomba tu. Chumba cha nyuma."

Mume alisema hapana. Alisema wao nao walikuwa na nyumba Area 25 na hakuna aliyekuja kuwaombea chumba. Komisioneri hakubisha, aliinamisha kichwa, kwa maana jambo lilikuwa kweli. Nilidhani tumeshindwa. Ndipo mke akamwuliza mzee, si Komisioneri, mzee mwenyewe, kama mjukuu wake anaweza kuchota maji. Mzee akasema anaweza. Yule mama akasema basi waingie, mgongo wake haujapona tangu zile benchi za kanisa na hataki kusikia mtu mwingine analala juu ya benchi. Mume akarudi kwenye baiskeli yake akiwa amenuna, lakini jioni alihamisha magunia kutoka chumba cha nyuma.

Wakati wa kurudi nilimsifu Komisioneri. Alikasirika.

"Nilifanya vibaya," akasema. "Sikuwa wa mzee, sikuwa wa bale. Nilisimama tu pale kati. Kama yule mama hangesema, ningefanya nini?"

"Ungemchukua mzee kwako."

Aliniangalia, kisha akaongeza mwendo mpaka nikabaki nyuma. Baadaye nilisikia kwamba siku ile asubuhi alikuwa ameshatoa kitanda chake nje ya chumba, ameweka mkeka wake sebuleni kumpisha mzee.

Mara ya mwisho kukutana naye kwa namna inayofaa kusimuliwa ni mwaka huu, Lilongwe, soko la Tsoka. Nilikuwa nimekwenda kununua vifungo na nyuzi. Nilimwona kati ya wauza mitumba, amezeeka, mabega yamechongoka, simu mkononi anaitikisa. Kioo chake kilikuwa kimepasuka na picha hazionekani.

"Mama wa kushona, nipatie yako," akasema, bila salamu. "Binti yangu ananipigia. Banaangalia nyumba."

Nikampa, akabonyeza namba ya binti. Mara binti akatokea, amevaa kofia ya sufu, nyuma yake kuna theluji na mlango mweupe. Huko Kanada ilikuwa asubuhi. Alituonyesha mwanamke wa kizungu aliyeshika funguo.

"Papa, huyu njo ajenti yetu. Huku muuzaji iko na wake, sisi tuko na wetu. Ameandika kabisa iko upande wetu."

Komisioneri alimsalimu yule mwanamke kwa Kiingereza chake cha Area 25, na yule mwanamke akapunga mkono akicheka. Kisha baba akaanza kazi. Fungua bomba. Ingia jikoni. Shusha simu, nione pembe ya chini. Uliza bati lina miaka mingapi. Binti alikimbia huku na huko na simu, ajenti akijibu, nami nikishika mfuko wangu wa vifungo, watu wa Tsoka wakitupita na kutusukuma. Binti akafungua mlango wa chumba kidogo chenye mapazia ya bluu na kitanda chini ya dirisha.

"Na hii, Papa, chumba yako."

Aliisogeza simu karibu na macho. Muuza viatu aliyekuwa karibu nasi alipata mteja, akapatana naye bei ya jozi moja, akaifunga, na Komisioneri bado anakitazama kile chumba.

"Ile ya jana," akasema mwishowe, "ilikuwa na vyumba viwili?"

"Viwili, Papa."

"Na bei iko chini."

"Iko chini."

"Muchukue ile. Usinunue chumba juu ya mutu hayuko. Mutalipia ukuta tupu miaka mingi. Nunua nyumba ya bale banalala ndani."

Uso wa binti ulitoka kwenye picha, tukabaki tunaona dari. Kisha mkewe akaichukua simu. Sikuwa nimemwona tangu siku ya basi. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zina mvi.

"Umemaliza kushauri?" akamwuliza.

"Nimemaliza."

"Umetushauri muzuri. Sasa sikia. Komisioneri anashauri, mununuzi njo anachagua. Tunachukua hii."

Akakata.

Komisioneri alinirudishia simu, akaipangusa kwanza kwa shati. Alianza kutembea kwenda stendi ya minibasi, haraka kama zamani, nami nikamfuata nikihema kati ya vitambaa na ndoo za plastiki. Tulipofika kwenye foleni ya basi la Dowa, la kurudi kambini, akasimama.

"Uliona dirisha ya kile chumba?" akaniuliza.

"Niliona."

"Iko upande wa upepo. Kitanda hakiwezi kukaa pale bamekiweka." Akafikiri, akipima hewani kwa mikono miwili. "Nitakisogeza karibu na mlango."